Delta ya Rufiji: Kijiji Kilipoihoji Serikali

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilibariki mradi wa kufuga kamba katika delta ya Mto Rufiji. Kampuni ya African Fishing Company, iliyokuwa chini ya mfanyabiashara kutoka Ireland, Reginald Nolan, iliomba maelfu ya hekta katikati ya mikoko iliyo mingi kuliko popote pengine Afrika Mashariki. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Mazingira, NEMC, walishauri ombi likataliwe. Baraza la Mawaziri likalikubali.

Watu wa delta wanaishi kwa maji. Wanavua samaki na kamba mitoni, wanalima mpunga kwenye mabonde yanayofunikwa na mafuriko, wanatega uzio kwenye vijito, wanajenga kwa boriti za mikoko. Mradi ungezigusa njia zote hizo za maisha. Wanakijiji wakaitana, wakapata msaada wa wanasheria wa LEAT na wanahabari wa mazingira wa JET, kisha wakafungua kesi Mahakama Kuu. Mvuvi wa delta akaishtaki Serikali yake. Mabwawa yale hayakuchimbwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi ukafa.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana ukikumbuka lilikotoka. Mwaka 1968 na 1969, katika Operesheni Rufiji, watu wa bondeni walihamishwa kutoka mashamba yao ya mafuriko na kupelekwa kwenye vijiji vya ujamaa kwenye maeneo ya mwinuko. Hawakuombwa ridhaa; waliamriwa. Mwaka 1972 Serikali ikavunja halmashauri za wilaya, na mambo ya wilaya yakashikwa na maofisa waliowajibika kwa waliowateua. Aliyetaka kumhoji ofisa alikosa hata mlango wa kubisha. Halmashauri zilirudi kwa sheria za 1982, na moja ya sheria hizo ikaweka jambo ambalo wanavijiji wengi bado hawalijui vizuri: mamlaka ya juu kabisa ya kijiji ni mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mwenyekiti yuko chini ya mkutano huo. Mtendaji pia.

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza nguvu: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ndiyo maana anayetaka ardhi huomba kwanza muhtasari wa kikao. Hapo kwenye kaunta buku, yaani daftari linaloandikwa muhtasari huo, penye orodha ya waliohudhuria, sahihi zao na alama za dole gumba za wasiojua kuandika, ndipo haki ya kijiji ilipo. Muhtasari ukiandikwa bila mkutano, ardhi imekwenda na hakuna aliyejua.

Kisha ukaja mtihani mzito zaidi. Kati ya 2015 na 2017, watu wenye silaha waliwaua viongozi wa vijiji, wenyeviti na watendaji, pamoja na askari na raia wengine, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi 8 waliuawa Kibiti katika shambulio moja. Waliouawa kwa jumla walizidi 30. Uongozi wa kijiji ukawa kazi ya kuhatarisha roho, na kusema hadharani kukawa hatari. Nani angesimama mkutanoni kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi? Naamini jeraha hilo liliwapunguzia watu wa Kibiti uwezo wa kuwahoji viongozi wao kuliko amri yoyote ya ofisini. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, ambao vyama vikuu vya upinzani viliususia baada ya wagombea wengi kuenguliwa, haukuwasaidia wananchi kupata chaguo la kweli.

Lakini haki ile ya 1982 haijafutwa. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi 3, na mapato na matumizi lazima yasomwe mbele ya wananchi. Ewe mkazi wa Salale, Mbuchi, Maparoni au Bungu, muulize mtendaji wako mkutano ujao ni tarehe ngapi. Ukifika, omba daftari la mihtasari lisomwe, na sahihi zihesabiwe mbele yako.