Zimwi Lililokuwa Mtu

Katika miaka yangu ya ualimu nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba hadithi za mashujaa hufanana: zimwi hutokea, shujaa huja, zimwi huuawa, watu hushangilia. Hadithi moja ya Kijapani ilinifanya niyatafakari upya maneno hayo.

Tarehe 17 Julai 1966, kituo cha TBS cha Japani kilianza kuonyesha mchezo wa televisheni ulioitwa Ultraman. Uliandaliwa na kampuni ya Tsuburaya Eiji, fundi wa mazingaombwe ya sinema aliyezaliwa mwaka 1901, ambaye mwaka 1954 alishiriki kumuumba Godzilla. Ultraman alikuwa jitu la rangi ya fedha na nyekundu kutoka nyota za mbali. Hapa duniani aliweza kupigana kwa dakika tatu tu. Taa ya kifuani mwake ilipoanza kumeta nyekundu, watoto walijua nguvu zinamwishia. Mchezo ulikuwa na sehemu 39.

Sehemu ya 23, iliyotungwa na Sasaki Mamoru na kuongozwa na Jissoji Akio, ilionyeshwa Desemba 1966, wakati mataifa makubwa yakishindana kwenda mwezini. Linatokea dubwana liitwalo Jamila, jina ambalo kwetu ni la mabinti. Kumbe Jamila alikuwa mwanaanga. Chombo chake kilipotea, akaangukia katika sayari isiyo na maji, na mwili wake ukageuka ili aweze kuishi. Nchi iliyomtuma ikaficha habari zake isije ikalaumiwa. Sasa amerudi kulipiza kisasi. Inatolewa amri: auawe kama zimwi, na asili yake isijulikane.

Ide, mmoja wa askari, anaona uchungu kumpiga binadamu mwenzake. Lakini Ultraman anatimiza kazi yake. Anamrushia Jamila maji, yale yale aliyoyakosa kule alikotupwa, naye anagaagaa topeni akilia kama mtoto mchanga mpaka anakufa. Baadaye anawekewa kaburi lenye maandishi ya kumsifu. Ide anayasoma kwa hasira.

Watunzi hao wawili walikuwa watoto vita vilipokwisha nchini mwao mwaka 1945. Pengine ndiyo sababu hawakuwa wepesi kuamini pale mkubwa anaponyoosha kidole na kusema, yule ndiye adui.

Nami nilinyoosha kidole. Mwaka 1987, nikiwa mkuu wa shule, kijana mmoja wa bweni alivunja ghala usiku akaiba unga. Nilimfukuza, kisha nikasimama gwarideni nikatoa hotuba nzuri kuhusu nidhamu. Walimu wenzangu walinipongeza. Wiki moja baadaye mpishi alinijia faraghani akaniambia, "Mwalimu, yule mtoto alikuwa hali chakula." Jina lake lilikuwa katika orodha ya wenye deni la karo, waliozuiwa kuingia bwaloni. Orodha ile ilikuwa na saini yangu.

Nilimwandikia baba yake arudi. Hakurudi.

Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Walituonya juu ya zimwi tunalolikuta njiani. Lile tulilolitengeneza kwa mikono yetu, ni juu yetu kwanza kuliuliza limetoka wapi, kabla ya kumwita shujaa.