Mkanda haurudi mtupu: historia fupi ya rola zinazojisafisha

Leo tuziache programu kando kidogo tuzungumze kuhusu vyuma. Mnaujua ule mkanda mweusi unaosogeza unga na sukari yako kuelekea kwa keshia wa supamaketi? Sote huutazama upande wa juu, kwa sababu mzigo uko huko. Mimi nataka tuiname, tuchungulie chini, upande ule unaorudi. Huko ndiko wahandisi wamehangaika kwa zaidi ya miaka mia moja, na huko ndiko watu wamepoteza mikono na maisha.

Kwanza tuelewane jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Mkanda wa konveya hauna mwanzo wala mwisho. Unabeba mzigo juu, unazunguka ngoma ya mbele, unamwaga, kisha unarudi chini kwa chini hadi ngoma ya nyuma, na safari inaanza tena. Kwenye mchoro unarudi mtupu. Kiwandani au mgodini mambo ni mengine. Makaa ya mawe yaliyolowa, udongo, chokaa, vumbi la mawe, vyote hunata. Na upande ulionatiwa sasa umetazama chini, unapita juu ya kila rola ya kurudia.

Aliyewahi kusukuma chapati anajua kinachofuata. Donge likishika kwenye kijiti, kijiti si mviringo tena na chapati inakwenda upande. Rola nayo ni hivyo hivyo. Tope likijijenga sehemu moja, sehemu hiyo inanenepa, na mkanda una tabia ya kuvutwa kuelekea palipo panene. Unahama njia, unasugua fremu, unachanika. Mbaya zaidi, msuguano huzaa joto, na joto likikutana na vumbi la makaa, ni moto.

Sasa turudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Thomas Edison (ndiyo, yule wa balbu) alikuwa na mradi mkubwa huko Ogden, New Jersey: kusaga miamba na kutenga chuma kwa sumaku. Mikanda ya kubebea mawe ilikuwa ikiisha upesi mno. Thomas Robins akaishughulikia. Aliona kwamba mawe yanakula uso wa mkanda, akaweka tabaka nene la mpira juu ya kitambaa. Pia akazipanga rola kwa tatu tatu, moja ya kati imelala na mbili za pembeni zimeinuka, ili mkanda uwe kama mfereji na mzigo usimwagike. Mradi wa Edison ulikufa kabla ya miaka ya 1890 kwisha kwa vile chuma cha bei nafuu kilipatikana kwingine. Mkanda wa Robins ukaishi. Mwaka 1900 ulipata tuzo kuu kwenye Maonyesho ya Paris.

Lakini angalia vizuri: tatizo alilolitatua Robins lilikuwa la upande wa juu. Upande wa kurudi uliachiwa mtu mwenye koleo na kipande cha chuma cha kukwangulia.

Mwaka 1905 Richard Sutcliffe alibuni mkanda wa kutumika chini ya ardhi, na migodi ya makaa ikaanza kuutegemea. Bei yake ilionekana tarehe 26 Septemba 1950 katika mgodi wa Creswell, Uingereza. Mkanda ulichanika, ukakwama mahali pa kumwagia mzigo, ukasuguka hadi ukawaka. Watu 80 walikufa. Uingereza ikageukia mikanda isiyoshika moto kwa urahisi. Usidhani hayo ni ya zamani tu. Januari 2006, katika mgodi wa Aracoma Alma, West Virginia, mkanda ulihama njia, ukasugua, moto ukazuka na wachimbaji wawili wakafa.

Halafu kuna vifo vya mmoja mmoja. Kusimamisha mkanda ni hasara, kwa hiyo mtu anakwangua rola huku inazunguka. Mkanda ukienda mita 3 kwa sekunde, ndani ya nusu sekunde umeshapita mita moja na nusu. Mkono ukinaswa kati ya mkanda na rola, hakuna muda hata wa kupiga kelele.

Jibu la wahandisi lilikuwa kubadilisha umbo la rola yenyewe. Ngoma ya nyuma ikafanywa ya mabawa: badala ya silinda laini, vibao vya chuma vimepangwa kuizunguka, na katikati yake kuna mteremko kama wa paa. Kinachoanguka kinapita kati ya mabawa na kuteremka nje pembeni. Ila mabawa hupiga mkanda na kuutikisa, ndiyo maana nyingine zikazungushiwa ukanda wa chuma kama springi. Rola za kurudia nazo zikavishwa pete za mpira zilizoachana, ili tope likose uso mpana wa kushika, au zikapewa nyuzi kama za skrubu zinazosukuma uchafu kutoka katikati kwenda kando.

Wengine wakaugeuza mkanda wenyewe. Baada ya kumwaga unapinduliwa nusu mzunguko ili uso mchafu utazame juu, na kabla ya ngoma ya nyuma unapinduliwa tena. Wapenzi wa hesabu watafurahi kusikia kwamba ukipindua mara moja tu unapata utepe wa Möbius. Mwaka 1957 kampuni ya B. F. Goodrich ilipata hataza ya mkanda wa namna hiyo, ili pande zote mbili zilike sawasawa.

Je, tope limeshindwa? Bado. Jiwe huweza kukwama kati ya mabawa na kutoboa mkanda, kwa hiyo mbele ya ngoma hiyo huwekwa plau ya kulisukuma kando. Huko Sahara Magharibi, konveya ya Bou Craa iliyojengwa 1972 hubeba fosfeti karibu kilomita 98 hadi pwani. Vumbi jeupe linalopeperushwa na upepo kutoka humo limechora mstari jangwani unaoonekana kwenye picha za setilaiti!

Sisi wa programu tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Zamani kila mwandishi wa programu alifuta kumbukumbu ya kompyuta kwa mkono, na akisahau, programu inaanguka. Mwaka 1959 hivi John McCarthy aliipa lugha ya Lisp uwezo wa kuzoa takataka zake yenyewe. Uchafu ulibaki pale pale, kilichoondoka ni mkono wa mtu.

Rola inayojisafisha ni hivyo. Tope bado litaanguka sakafuni na mtu atalizoa, lakini atalizoa pembeni, mbali na chuma kinachozunguka. Kwa hiyo ukionyeshwa mtambo mpya, usiulize unabeba tani ngapi tu. Uliza unarudi na nini, na nani anatumwa kuusafisha.