Taa ya Spana: Nani Mwenye Ruhusa ya Kuizima?

Tuseme una pikipiki kubwa ya kisasa, zile zenye skrini ya rangi badala ya mshale wa spidi. Jumamosi asubuhi unaamua kuifanyia sevisi mwenyewe. Unamwaga oili, unabadilisha filta, unasafisha mnyororo, unaangalia breki. Unawasha injini. Kwenye dashibodi kuna kamchoro ka spana na maneno yanayokuambia muda wa sevisi umepita. Unazima, unawasha tena. Spana iko palepale.

Kumbe taa ile haijui lolote kuhusu oili yako. Kwenye pikipiki nyingi hakuna kifaa chochote ndani ya injini kinachoonja oili na kusema imechoka. Kilichopo ni hesabu: kompyuta ndogo imehifadhi namba ya kilomita na tarehe, na ikifika hapo inawasha taa. Kuizima ni kubadilisha namba mbili kwenye kumbukumbu. Kwenye baadhi ya pikipiki unabonyeza vitufe viwili, imeisha. Kwenye nyingine lazima uende kwa wakala rasmi aunganishe mashine yake, na bili huja nyuma.

Tulifikaje hapa? Historia hii ina miaka kama hamsini, na haikuanza na ujanja wa biashara. Ilianza na moshi.

Enzi ya bisibisi

Mwaka 1969 Honda walitoa CB750, pikipiki ya silinda nne iliyobadilisha soko zima la dunia. Kwa wakati wake ilikuwa teknolojia ya juu kabisa. Lakini kila kitu ndani yake kilikuwa cha chuma, na mtu aliweza kukiona kwa macho. Kabureta nne zilichanganya hewa na petroli. Pointi zilikata na kuunganisha umeme wa plagi. Kuseti tapeti ilikuwa kazi ya kulegeza nati, kuzungusha skrubu, kupitisha kibamba chembamba cha kupimia, kisha kukaza.

Pikipiki za enzi hizo zilikuja na mfuko wa spana chini ya kiti, na kitabu cha mwenye chombo kilieleza hatua kwa hatua namna ya kufanya kazi hizi. Mtengenezaji alitegemea kwamba utazifanya, kwa sababu zilihitajika mara kwa mara: pointi zinaliwa, kabureta zinapoteza ulinganifu, tapeti zinalegea. Wakala alikuwepo na alitoza pesa yake, ila alikuwa akikuuzia muda na uzoefu. Hakukuuzia ruhusa. Ukikosa pesa, ulikuwa na jioni yako na spana namba kumi.

Kompyuta inaingia kwa mlango wa hewa safi

Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi, na kuanzia pikipiki za modeli ya 1978 shirika lake la mazingira likaweka viwango vya moshi kwa magurudumu mawili pia. Hapo kabureta ikaanza kupata shida. Kabureta ni kifaa kizuri, lakini haiwezi kujua kwamba leo kuna baridi, au kwamba umepanda mlimani hewa imekuwa nyepesi. Inakadiria tu.

Kompyuta inapima. Hebu tufanye hesabu kidogo. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Kwa injini ya mipigo minne, kila silinda inahitaji petroli mara moja katika mizunguko miwili, yaani mara 50 kwa sekunde. Kila baada ya elfu 20 za sekunde (elfu moja ya sekunde ikiwa sehemu moja kati ya 1,000), kompyuta inasoma joto, hewa na mkao wa mkono wako wa mafuta, kisha inaamua nozeli ifunguke kwa muda gani. Hakuna bisibisi inayoweza kufanya hivyo.

Kawasaki walileta sindano ya mafuta ya kielektroniki kwenye Z1000 mwaka 1980. Honda wakafuata na CX500 Turbo mwaka 1982, na BMW wakaja na K100 mwaka 1983. Faida zilikuwa za kweli: moshi ulipungua, injini ikawaka vizuri asubuhi, mafuta yakatumika kidogo. Na kazi nyingi za zamani zikafa. Hakuna pointi za kubadilisha, hakuna kabureta za kulinganisha. Tukitaka kuwa waadilifu, lazima tuseme kwamba kompyuta ilimpunguzia mwenye pikipiki safari za gereji.

Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilitangaza CAN, mfumo wa kuziunganisha kompyuta za gari kwa nyaya mbili tu. Badala ya kila taa na kila swichi kuwa na waya wake, vifaa vinatumiana ujumbe mfupi, kila ujumbe ukibeba hadi baiti nane za data. BMW waliuingiza mfumo huo kwenye pikipiki yao ya R1200GS mwaka 2004. Nyaya zikapungua, na kuanzia hapo pikipiki ikawa mtandao mdogo wa kompyuta unaotembea.

Taa inazaliwa

Wazo la taa ya sevisi lilitoka kwenye magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 BMW waliweka kwenye magari yao safu ya vitaa vya kijani, njano na nyekundu vinavyokuambia sevisi imekaribia. Kuvirudisha mwanzo kulihitaji kifaa maalumu kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya boneti. Haikuchukua muda, vifaa vya namna hiyo vya kampuni nyingine vikawa vinauzwa madukani.

Kwenye pikipiki za leo mchezo ni uleule, ila kifaa kimekuwa programu. Fundi wa wakala anachomeka waya, kompyuta yake inatuma ujumbe wa baiti chache: andika kilomita hizi mahali hapa, andika tarehe hii mahali pale. Baadhi ya kompyuta haziandiki hivihivi. Hutoa kwanza fumbo, namba ya kubahatisha, na kifaa lazima kirudishe jibu sahihi kwa kanuni ya siri. Ukijua kanuni, mlango unafunguka. Usipoijua, utakaa nje na oili yako mpya.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. California ilidai mfumo wa magari kujichunguza wenyewe kuanzia modeli za 1988, na kufikia modeli za 1996 Marekani yote ikawa na mfumo mmoja, OBD-II, wenye soketi ya pini 16. Kusudi lake lilikuwa uwazi: fundi yeyote mwenye kisomaji cha bei chee aweze kusoma hitilafu za moshi. Ulaya ilileta OBD kwenye pikipiki pamoja na viwango vya Euro 4, vilivyoanza kwa modeli mpya mwaka 2016. Sasa mtu ananunua kisomaji, anakichomeka, anasoma namba za hitilafu vizuri kabisa, lakini spana haizimiki. Kwa nini? Kwa sababu kiwango kile kilihusu moshi. Kuzima taa ya sevisi hakumo kwenye amri za lazima, hivyo kila mtengenezaji aliachiwa afanye anavyotaka.

Na walichagua tofauti. Yamaha wana skuta nyingi zinazokumbusha oili kwa namba kwenye dashibodi, na mwenye chombo anairudisha sifuri kwa kitufe kwa kufuata kitabu. Teknolojia ni ileile, hesabu ni ileile. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba taa yake lazima izimwe na wakala kwa sababu "pikipiki za kisasa ni ngumu", mjibu taratibu kwamba huo ni uamuzi, siyo fizikia.

Bili ina nini ndani?

Tusimwonee wakala. Bili yake kwa kawaida ni saa za kazi zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, mara bei ya saa, jumlisha vipuri. Na kuna injini ambazo saa hizo ni halali kabisa.

Mfano mashuhuri ni Ducati. Injini zao za desmo hazifungi vali kwa springi. Kuna mkono mmoja wa kufungua na mwingine wa kufunga. Injini ya silinda mbili yenye vali nne kila silinda ina vali nane, na kila vali ina nafasi mbili za kupima. Hizo ni nafasi 16, na ukikosea moja injini inaweza kuumia. Miaka ya 1990 kazi hiyo ilitakiwa takriban kila kilomita 10,000. Mwaka 2010 Multistrada mpya ikafikisha kilomita 24,000, na mwaka 2015 injini iliyofuata ikafikisha 30,000. Multistrada V4, iliyotangazwa mwaka 2020, iliachana na desmo, ikarudi kwenye springi za kawaida, na muda wa kukagua vali ukawa kilomita 60,000. Gharama ya sevisi ilikuwa imekuwa hoja ya kuuzia au kukosa kuuza, hadi kampuni ikaacha kitu kilichokuwa utambulisho wake.

Kwa hiyo kuna gharama mbili tofauti. Moja ni ya kazi ngumu inayohitaji mikono iliyofundishwa. Nyingine ni ya kufungua kufuli lililowekwa makusudi. Zikiandikwa kwenye bili moja, mteja hawezi kuzitenganisha, na hapo ndipo hasira huanzia.

Magurudumu mawili nje ya mlango

Sheria nazo zilijaribu. Marekani ina sheria ya waranti ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, ambayo kwa jumla inakataza kampuni kukufungia waranti kwa vipuri vyake au mafundi wake, isipokuwa ikikupa bure. Hata hivyo, ilichukua hadi Juni 2022 kwa tume ya biashara ya nchi hiyo kuichukulia hatua Harley-Davidson, ikidai masharti yake yalifanya wateja waamini kwamba kutumia vipuri vya wengine kunaua waranti. Kampuni ilikubali kuyarekebisha na kuwaeleza wateja haki yao.

Magari yalipata zaidi. Umoja wa Ulaya mwaka 2002 ulitoa kanuni iliyowabana watengenezaji wa magari wawape mafundi huru taarifa za ufundi. Lakini ilitafsiri "gari" kuwa chombo chenye magurudumu matatu au zaidi. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts walikubali kwa kishindo sheria ya haki ya kutengeneza, lakini sheria iliyotoka ikaziacha pikipiki nje. Ni kanuni ya Ulaya namba 168 ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika 2016, ndiyo iliyowadai watengenezaji wa pikipiki wenyewe wafungue taarifa za matengenezo kwa mafundi huru.

Wenye pikipiki hawakusubiri. Kifaa kimoja kinachojulikana sana kwa wapanda BMW, GS-911, kilitengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini, HEX. Kinasoma hitilafu, kinapima vihisio, na kinazima spana. Mtu yuko safari ndefu, wakala wa karibu yuko mamia ya kilomita, na ana kifaa kinachoingia mfukoni.

Na sisi?

Bodaboda nyingi tunazopanda bado zina kabureta, na fundi wa kijiweni anaitengeneza akiwa amechuchumaa juu ya kipande cha boksi. Ndiyo maana habari hii inaweza kuonekana ya matajiri. Lakini pikipiki hizo nyingi zinatoka India, na India ilianza viwango vya BS6 tarehe 1 Aprili 2020, ambavyo viliifanya hata pikipiki ndogo iingie enzi ya sindano na vihisio. Kigali, Nairobi na Kampala kuna bodaboda za umeme, ambazo hazina oili ya kumwaga kabisa. Kinachobaki ni mota, betri na programu, yaani sehemu kubwa ya akili ya chombo iko mahali ambapo spana haifiki.

Kwa dereva wa boda, siku moja kwenye foleni ya wakala ni siku bila hesabu ya tajiri na bila unga nyumbani. Kwa fundi wa kijiweni, kufuli la programu ni kazi iliyopotea. Na kuna hatari nyingine ya usalama: taa isiyozimika huwa mapambo. Mtu akizoea kupuuza spana, siku taa ya oili ikiwaka kweli ataipuuza vilevile.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, zaidi ya bei na ulaji wa mafuta, uliza maswali matatu. Taa ya sevisi inazimwaje, na imeandikwa kwenye kitabu cha mwenye chombo? Hitilafu zinasomwa kwa kifaa gani, na fundi wangu anaweza kukipata? Nikimwaga oili mwenyewe na kutunza risiti, waranti inabaki? Muuzaji akianza kujikuna kichwa, tayari umeshapata sehemu ya jibu.