Kamba ya kupima hatari ya kisukari

Msikilizaji wetu wa Nyololo unayelima au kubeba mbao kutwa nzima, usidhani kisukari ni cha watu wa ofisini tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban watu 9 katika kila 100 wenye miaka 25 hadi 64 nchini wana ugonjwa huo.

Mizani peke yake haitoshi. Mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na kongosho, ndiyo hasa huizuia insulini kufanya kazi yake. Kitambi, ambacho wengi wetu bado tunakisifu, ndiyo dalili yake.

Kata kamba yenye urefu wako, kutoka unyayoni hadi utosini. Ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Toa pumzi, usibane tumbo. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako na hatari imeongezeka. Kwa futi ya fundi cherehani, tahadhari huanza sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Mjamzito asitumie kipimo hiki.

Kamba haisemi unaumwa. Hilo husemwa na kipimo cha damu kwenye kituo cha afya. Na hata wembamba huugua: ukiwa na kiu isiyoisha, unakojoa mara kwa mara na unakonda bila sababu, nenda ukapime, hata kama ncha zimekutana.