Tabibu wa Ngome ya Karema

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, askari wa Kibelgiji, aliijenga ngome ya Karema ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi iitwayo leo mkoa wa Katavi. Na mwaka 1885 ngome ile ikakabidhiwa Mapadre Weupe, hata boma lililoinuliwa kwa nia ya ulinzi likawa makao ya sala na tiba.

Huko ndiko alikofika, mwaka 1889, Adrien Atiman, mzaliwa wa kando ya mto Niger, aliyetekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari, kisha akasomea utabibu kisiwani Malta. Akaoa binti wa Kibende, mwanawe akawa padre, naye akawauguza wagonjwa wa pwani ile mpaka alipofariki mwaka 1956, muda wa miaka sitini na saba.

Sisi tunaostaajabia muda huo yafaa tutazame pia nafsi yake: miongoni mwa waliomjia walikuwamo watoto waliokombolewa minyororoni, na tabibu aliyewagusa mapaji ya uso na vifua aliijua hofu yao kwa kuwa aliwahi kuionja mwenyewe, ilimu ambayo hakuna madrasa iwezayo kumfundisha mtu.