She-Karisi na Pepo Wake: Nani Asemaye katika Utendi wa Mwindo?

Kwa Wanyanga wa Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, neno karisi lina maana mbili. Kwanza, ni jina la masimulizi marefu ya shujaa, ambayo husemwa, huimbwa na kuchezwa. Pili, ni jina la pepo. Mtambaji wake huitwa She-Karisi, na kiambishi she- ni kile kile kilichomo katika jina Shemwindo, baba wa Mwindo. Yaaminika kwamba pepo Karisi ndiye atakaye mtu fulani autambe utendi, na kwamba mwenye kuutamba hupata nguvu na kinga dhidi ya maradhi na mauti. Kwa hiyo mtambaji hakusudii kuburudisha tu. Huulinda uhai wake mwenyewe.

Mwaka 1956, katika Kongo ya Wabelgiji, mtambaji Candi Rureke alitamba utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck, na maneno yake yakaandikwa kwa mkono. Mwaka 1969 Biebuyck, pamoja na mwanaisimu Mnyanga Kahombo Mateene, aliyachapisha kwa Kinyanga na Kiingereza.

Katika utambaji huo Rureke alitikisa kibuyu, akacheza na kuimba nyimbo za Mwindo katika nafsi ya kwanza. Hapo pana tatizo la kihistoria. Neno "mimi" la nyimbo hizo lina wenyewe watatu: shujaa anayejisifu, mtambaji anayezawadiwa na wasikilizaji, na pepo aliyemtaka aseme. Nani basi awajibike kwa yasemwayo?

Swali hilo si dogo, kwa kuwa yasemwayo ni mazito. Chifu Shemwindo anaamuru wakeze wazae wasichana tu. Mwindo anapozaliwa mvulana, baba anajaribu kumwua: anamzika, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anaokoka, anarudi kwa vita, na kumfuatia baba hadi kuzimu kwa Muisa. Katika jamii inayowaheshimu wazee na machifu, mtu wa kawaida hawezi kusifu hadharani mwana anayemwinda babaye. She-Karisi aliweza, kwani alisema kwa ridhaa ya pepo. Kinga ya Karisi, basi, yaweza kueleweka pia kuwa kinga ya ulimi.

Hata hivyo, haifai kumfanya mtambaji kuwa mwasi. Mwindo hamwui babaye. Shemwindo anakiri makosa yake mbele ya watu, na nchi inagawanywa kati yao. Baadaye Mwindo anaua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anampandisha mbinguni, na huko majivuno yake yanavunjwa kwa mateso ya baridi na jua. Anaporudi, anatawala kwa sheria. Sauti iliyomtukuza mwana mwenye kiburi ndiyo inayomwadhibu. Mtambaji ana jina la baba lakini anaimba wimbo wa mwana; hawi mtumishi wa chifu, wala hawi adui yake. Utata huu si udhaifu wa maadili yake, bali ndiyo kazi yake: kuwakumbusha watawala mipaka yao pasipo kuubomoa utawala.

Kitabu kilihifadhi maneno, lakini kibuyu, mchezo na zawadi havikuweza kuingia humo isipokuwa kwa maelezo. Hapo ni rahisi kusema, "Wanyanga wanafundisha hivi," kana kwamba taifa zima lilisema kwa kinywa kimoja. Masimulizi mengine ya Mwindo, aliyoyatoa Biebuyck mwaka 1978, yanatofautiana na lile la Rureke katika matukio na hata katika sura ya shujaa. Mwanafunzi anayetaka kuutumia utendi kama ushahidi wa historia ya siasa ya Wanyanga hana budi kumrudisha kwanza msemaji mahali pake: mtu mmoja, mbele ya watu wake, chini ya pepo wake.