Mitego ya maneno: Kwa nini chemshabongo humnasa hata mjuzi

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

NDEGE imeanguka Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Nusu ya mabaki iko huku, nusu iko kule. Je, manusura wazikwe upande gani?

Msomaji aliyeanza kuwaza sheria za mipaka amekwisha kunaswa. Manusura ni watu waliopona, na mtu aliye hai hazikwi. Swali hili, ambalo hubadilishiwa mpaka kila linapofika, ni mfano wa chemshabongo ya mtego. Jibu lake si gumu hata kidogo; ugumu umewekwa katika maneno ya swali, yanayomwelekeza msikilizaji kusikohusika.

Katika mji kama Sumbawanga, na kata kama Izia, ambako baridi ya Juni na Julai huwarudisha watu ndani mapema, mchezo huu ni burudani isiyo na gharama. Kwa mtoto wa shule, hata hivyo, suala si burudani tu. Vitendawili vimekuwa vikiulizwa katika mitihani ya Kiswahili ya darasa la saba, na humo hakuna nafasi ya mjadala: jibu linalokubaliwa ni moja. Mtoto asiyetofautisha kitendawili na mtego anaweza kupoteza alama akidhani ametumia akili.

Tofauti yenyewe ni hii. Kitendawili hufananisha kitu kimoja na kingine, na msikilizaji hutakiwa kuona mfanano huo. "Nyumba yangu haina mlango" ni yai. Mtego haufananishi kitu; hutegemea neno ambalo msikilizaji amelipita haraka. Jogoo akitaga juu ya paa lililoinama pande mbili, yai litaangukia upande gani? Anayepima mwinamo wa paa amesahau kwamba jogoo hatagi.

Kitendawili nacho kina dhuluma yake. Kile cha kale cha pwani, "Popoo mbili zavuka mto", jibu lake ni macho. Popoo hutafunwa pamoja na tambuu, na mtoto wa pwani huenda ameiona kwa bibi yake. Mtoto wa uwanda wa Ufipa, aliyekulia kwenye mahindi, maharage na ulezi, hana cha kufananisha. Hulazimika kukariri, na anayekariri hajategua kitu.

Kiswahili kina mitego yake ambayo haiwezi kutafsiriwa. Chukua neno "mbuzi", ambalo ni mnyama na pia ni kifaa cha kukunia nazi. Mtu akiuliza, "Ni mbuzi gani hali majani?", wengi watataja mbuzi mgonjwa. Jibu linalotakiwa ni mbuzi ya nazi. Lakini hapo mtegaji amedanganya kwa sarufi, kwa sababu kifaa hicho hakichukui "hali", bali "haili". Mwandishi wa makala haya anaona mtego wa haki ni ule usiovunja upatanisho wa maneno, kwa mfano: "Nyumbani kuna mbuzi, lakini hakuna maziwa wala kinyesi." Hapo "kuna" imeficha kila kitu na hakuna uongo uliosemwa.

"Ndege" nayo ni hivyo hivyo. Ikisemwa "imeanguka" tunajua ni chombo. Akisemwa "ameanguka" tunajua ni kiumbe. Herufi moja tu inatosha kuuharibu mtego.

Upo pia mtego ambao Kiswahili huubeba vizuri kuliko Kiingereza. Baba na mwanawe wamepata ajali, baba amefariki. Mtoto amefikishwa hospitali, na daktari akasema, "Siwezi kumpasua, huyu ni mwanangu." Daktari ni mama yake. Kwa Kiingereza mtegaji hukwepa viwakilishi vinavyotaja mume au mke. Kwa Kiswahili hana haja ya kukwepa, kwani "yeye" ni wote wawili. Anayenaswa hapa amejinasa kwa mazoea yake.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1981 watafiti Erickson na Mattson walichapisha utafiti kuhusu swali la wanyama wangapi wa kila aina ambao Musa aliwaingiza katika safina. Wengi walijibu wawili, ingawa walijua fika kwamba mwenye safina alikuwa Nuhu. Akili haipimi kila neno. Hupokea lile linalokaribia kufanana na lililotarajiwa, kisha huendelea.

Mnunuzi naye yumo. Daftari na kalamu ni Sh 1,100, na daftari limezidi kalamu kwa Sh 1,000. Kalamu ni bei gani? Jibu linalokuja haraka ni Sh 100, nalo si sahihi. Kalamu ni Sh 50. Neno "limezidi" limesikika kama "ni". Tangazo la "punguzo hadi asilimia 50" hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa "hadi" husomwa na wachache.

Hata jina la mji huu limewanasa watu. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Sumbawanga, kwa Kifipa, ni "tupa uchawi". Mgeni anayejua Kiswahili husikia "wanga" peke yake, akahitimisha kuwa amefika kwa wachawi. Sehemu ya kwanza ya jina, ambayo ni amri ya kuutupa, haikumfikia. (Wanga huo huo ndio uliomo katika ugali, lakini hilo halijamtisha mtu.)

Anayeshindwa kitendawili hutoa mji, na mtegaji huupokea, husimulia alivyofika huko, ndipo hutaja jibu. Katika mtego hakuna mji wa kutoa. Mtegaji hucheka, kisha hulirudia swali lile lile taratibu, akilikazia neno moja.